Televisheni Mpya Nyumbani: Nani Ndiye Mwenye Nyumba?



Zamani televisheni ilikuwa kitu cha mjini. Leo twaiona hata vijijini: katika duka la sokoni, katika nyumba ya mwalimu, katika jumba la vijana. Kahawa ikiuzwa kwa bei nzuri, baba mmoja husema, "Mwaka huu nasi tutanunua televisheni." Si vibaya kusema hivyo. Lakini chombo kinachogharimu mavuno ya miezi mingi chafaa kijulikane kabla hakijapita mlangoni. Tena televisheni za leo si kama zile za kwanza. Picha zake ni safi mno, na wauzaji hutuambia kwamba zina akili.

Basi tujifunze mambo sita: picha safi ni nini, umeme na radi, ile inayoitwa akili, fedha ya intaneti, siri za nyumba, na desturi njema za jioni. Someni polepole. Asiyejua kusoma na asomewe na jirani yake.

I. PICHA SAFI NI NINI?

Televisheni haikuanza jana. Tarehe 26 Januari 1926 Mskoti John Logie Baird aliwaonyesha wataalamu mjini London picha zenye mwendo zilizopelekwa kwa chombo chake. Tarehe 2 Novemba 1936 BBC ya Uingereza ilianza utangazaji wake wa picha kutoka Alexandra Palace. Mmoja wa mitambo yake miwili ulifanya picha ya mistari 405 tu, na hata hivyo watu wa siku zile waliihesabu kuwa picha safi sana. Tazameni basi: kila kizazi hukiita chake safi kuliko vyote, kisha kesho chaja kingine. Mlikumbuke neno hili mtakapofika dukani.

Picha ya televisheni yafanana na mkeka. Ukiutazama mkeka kwa mbali, waona ua au nyota. Ukiukaribia, waona ukindu mmoja mmoja. Vivyo hivyo picha imefumwa kwa nukta ndogo za mwanga, nazo huitwa pikseli. Nukta zikiwa chache, picha ina ukungu. Zikiwa nyingi, waona hata mikunjo ya uso wa mzee. Hesabu yake ni hii:

Picha ya zamani ilikuwa na nukta 720 kwa upana na 576 kwa kimo, jumla 414,720.
HD ya kwanza ina 1280 kwa 720, jumla 921,600.
HD kamili ina 1920 kwa 1080, jumla 2,073,600.
Ile iitwayo 4K ina 3840 kwa 2160, jumla 8,294,400, ndiyo mara nne ya HD kamili.

Je, kila mtu ahitaji nukta milioni nane? Hasha. Macho yetu yana mpaka wake. Chukueni televisheni ya inchi 32, maana yake sentimita 81 kutoka pembe hadi pembe. Mtu akikaa mita mbili mbele yake, jicho la kawaida haliwezi kutofautisha HD kamili na 4K. Ni sawa na kuandika barua kwa herufi ndogo mno: maandiko yamo, lakini msomaji hayaoni.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Mtungi haujitii maji wenyewe. Televisheni haiwezi kuonyesha nukta ambazo haikuletewa. Dekoda ikileta picha ya zamani, televisheni mpya yainyosha tu ijae kioo chake, na mara nyingi ubaya wake huonekana zaidi. Hata waya una neno. Ule waya wenye vichwa vitatu, cha njano, cheupe na chekundu, haupitishi HD. Yatakiwa waya wa HDMI. Wengi wamelaumu televisheni, kumbe kosa ni la waya.

Sikilizeni mazungumzo haya ya dukani.

— Mzee, chukua hii kubwa. Ni 4K, ndiyo ya kisasa.
— Mwanangu, dekoda yangu yatoa picha gani?
— Ile ya zamani, mzee.
— Na chumba changu kina hatua nne tu. Hiyo 4K nitaiona kwa macho ya nani?

Muuza duka akacheka, akamwonyesha ya inchi 32. Mzee yule hakusoma sana, lakini aliuliza kwanza, akanunua baadaye.

Neno moja zaidi juu ya picha. Televisheni nyingi hutoka dukani zikiwa na rangi kali na mwanga mwingi, kusudi zivute macho ya wapita njia. Nyumbani rangi hizo huchosha. Fungueni mipangilio, mchague namna ya sinema au namna ya kawaida. Tena filamu nyingi hupigwa picha 24 kwa sekunde moja, nayo televisheni hubuni picha nyingine za katikati ili mwendo uwe laini. Hapo filamu hugeuka kuwa kama mchezo uliopigwa kwa kamera ndogo chumbani. Hilo nalo mwaweza kulizima katika mipangilio ya picha.

II. UMEME NA RADI

Televisheni bila umeme ni kioo cheusi. Wengi wetu twategemea jua na betri. Basi tuhesabu kama tunavyohesabu magunia.

Televisheni ya LED ya inchi 32 hula wati 30 hadi 50 hivi. Tuseme 40. Dekoda yake tuseme 10. Jumla ni wati 50. Mkitazama saa nne kila jioni, mmekula wati-saa 200. Betri ya volti 12 na amperi-saa 50 ina wati-saa 600 zikihesabiwa zote. Lakini betri ya asidi yataka isishushwe chini ya nusu, la sivyo yafa upesi. Zabaki 300. Nacho chombo cha kugeuza umeme wa betri chala sehemu yake. Kisha kuna taa na simu. Mwaona? Akiba ni ndogo. Anayeongeza saa moja ya televisheni hupunguza saa ya taa ya mtoto anayejifunza masomo yake. Ndiyo maana kabla ya kununua someni kibandiko kilicho nyuma ya televisheni, mtafute neno wati. Televisheni ya inchi 55 yaweza kula zaidi ya wati 100. Hiyo ni mara mbili na zaidi.

Sasa radi. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza hesabu ya radi za dunia nzima, iliyopatikana kwa satelaiti. Mahali pa kwanza katika Afrika ni Kabare, huku kwetu Kivu ya Kusini: umeme wa mawingu 205 hivi kwa kila kilomita mraba moja, kila mwaka. Basi anayeishi mashariki mwa Kongo asidhani kwamba radi itampita. Kuzima kwa rimoti, ambayo wengine huiita telekomandi, hakutoshi, kwa maana waya bado umeshikana. Mawingu yakianza kukusanyika, chomoeni waya wa umeme na waya wa antena pia. Fanyeni mapema, radi ikiwa imekwisha kufika juu ya nyumba, msiguse waya wowote.

Umeme wa kampuni nao una hila yake: ukikatika, mara nyingi hurudi kwa nguvu. Chomoeni, mngoje kidogo umeme utulie, ndipo mrudishe. Aliye na uwezo anunue chombo cha kusawazisha umeme. Kioo kipanguswe kwa kitambaa laini kikavu, bila sabuni wala pombe kali. Tena televisheni ifungwe vizuri, isimwangukie mtoto anayepanda meza.

III. "AKILI" YA TELEVISHENI

Watu husema, "Televisheni hii ina akili." Neno hilo lataka kusahihishwa. Akili ni ya mtu. Mwenye akili ajua jema na baya, huchagua, naye huulizwa juu ya alilochagua. Ndani ya televisheni hiyo mna kompyuta ndogo na mlango wa intaneti, basi. Yafanya hesabu upesi sana, wala haijui ni nani anayeketi mbele yake, kama ana njaa au ana msiba.

Hata hivyo kazi zake ni nyingi. Huleta filamu na masomo kwa njia ya intaneti. Hufungua YouTube, ambamo mwaweza kujifunza kushona, kupandikiza miche ya miti, au kutengeneza baiskeli. Hupokea picha kutoka simu. Nyingine hutii sauti ya mtu. Hukumbuka mlichotazama, kisha hupendekeza vinavyofanana nacho.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: televisheni nyingi za namna hii hufanya kazi bila intaneti. Siku ya kwanza itawauliza mwiunganishe na Wi-Fi. Nyingi hukubali mruke swali hilo. Antena, dekoda na fleshi zaweza kutosha. Fleshi iliyotayarishwa kwa namna iitwayo FAT32 haipokei faili moja kubwa kuliko GB 4. Basi filamu ikikataa kuingia, msidhani kwamba fleshi imeharibika.

Jambo lingine: kioo na akili yake havizeeki pamoja. Kioo kikitunzwa chaweza kudumu miaka kumi. Programu zake huchakaa mapema, kwa sababu makampuni huacha kuzitengeneza. Mwezi wa Desemba 2019 Netflix ilikoma kufanya kazi katika baadhi ya televisheni za Samsung za miaka 2010 na 2011. Kioo chake kilikuwa kizima, mlango ulifungwa. Kwa hiyo msilipe fedha nyingi kwa ajili ya akili hiyo. Chagueni kioo chema. Programu zikichakaa, kisanduku kidogo kikichomekwa katika tundu la HDMI chaweza kufanya kazi yake.

IV. FEDHA YA INTANETI

Netflix yenyewe husema hivi: picha ya kawaida hula hadi GB 1 kwa saa, HD hadi GB 3, na 4K hadi GB 7. Basi filamu moja ya saa mbili katika HD yaweza kula GB 6.

Tulinganishe na simu zetu. Mtu akinunua mega 500, huzitumia siku kadhaa kwa kuandikiana na ndugu zake. Mega 500 hizo akizifungulia televisheni katika HD, zaweza kwisha kwa dakika 10. Dakika kumi! Sombe halijaiva jikoni, na fedha imekwisha kwenda. Ndivyo nyumba nyingine zilivyoanza kugombana: baba amshitaki mtoto kwamba ameiba mega, mtoto aapa kwamba hakugusa simu. Mwizi alikuwa ameketi ukutani, tena wote walikuwa wakimtazama.

Dawa yake ni hii. Kwanza, shusheni ubora wa picha hadi 480 mnapotumia mega za simu. Pili, zimeni ile desturi ya video kufuatana zenyewe. Tatu, mkimaliza kutazama, kateni intaneti ya simu inayolisha televisheni, kwa kuwa hata usiku yaweza kuvuta programu mpya bila kuwauliza. Nne, mkipata intaneti ya bei nafuu mjini, pakueni huko yale yanayoruhusiwa kupakuliwa, mje nayo kwenye fleshi.

V. SIRI ZA NYUMBA

Sisi twaitazama televisheni. Je, yenyewe hututazama? Haina lazima ya kuwa na jicho. Televisheni nyingi zenye intaneti huchukua alama ndogo za picha inayoonekana, huzipeleka kwa kampuni, na huko hulinganishwa na ghala kubwa la filamu na matangazo. Kwa njia hiyo kampuni yajua mmetazama nini na saa ngapi. Hata kilichotoka katika dekoda chaweza kujulikana.

Si uvumi. Mwezi wa Februari 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya kushitakiwa na tume ya serikali ya biashara pamoja na jimbo la New Jersey. Walishitaki kwamba kampuni ilikusanya habari za yaliyotazamwa, sekunde kwa sekunde, katika televisheni milioni 11, bila idhini ya wenyewe, na kuziuzia makampuni mengine.

Mtu atasema, "Mimi ni mkulima, nina siri gani?" Ndugu yangu, unayo. Nyumba inayotazama kila siku habari za ugonjwa fulani yaonyesha kwamba mna mgonjwa. Nyumba inayotafuta mikopo yaonyesha kwamba mna deni. Jirani akichungulia dirishani kwako kila usiku na kwenda kuuza aliyoyaona, je, utasema huna siri? Basi fungueni mipangilio, mtafute sehemu ya faragha, mzime kila kibali cha kukusanya habari za mnayotazama. Kama rimoti yasikia sauti, zimeni hilo pia msipolitumia. Na televisheni isiyounganishwa na intaneti haiwezi kupeleka habari kwa njia hiyo.

VI. DESTURI NJEMA ZA JIONI

Hadithi ya babu ina mwanzo na mwisho. Ikiisha, moto wafunikwa majivu, watu walala. Video za leo hazina mwisho: moja ikikoma, nyingine yaanza yenyewe kabla mtu hajafikiri. Kwa hiyo mwisho ni lazima uwekwe na sisi, tena uwekwe kabla ya kuwasha. Semeni, "Leo tutatazama mpira, kisha tutazima." Anayengoja atosheke ndipo azime, atakuta jogoo anawika.

Juu ya watoto, Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri mwaka 2019. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo hata kidogo. Mwenye mwaka mmoja naye hapendekezwi. Mwenye miaka miwili hadi minne asipite saa moja kwa siku, na pungufu ni bora zaidi. Mtoto mdogo hujifunza kusema kwa kusemeshwa. Televisheni yasema sana, lakini haimjibu.

Angalieni na haki ya nyumbani. Baba na watoto wameketi mbele ya picha safi, wanacheka. Mama yuko jikoni peke yake, anatwanga sombe, na anasikia kicheko tu. Aliyelima kahawa ile alikuwa nani? Je, hakuilima naye? Basi kazi zimalizwe kwa mikono ya wote, ndipo wote waketi. Tena rimoti isiwe fimbo ya mkubwa mmoja: leo mama achague, kesho watoto, kesho kutwa baba. Majirani wakija kutazama, wapokelewe kwa heshima, lakini waambiwe mapema saa ya kufunga, ili pasiwe na chuki.

Mwaka 1958 Papa Pius XII alimtangaza Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa televisheni. Yasimuliwa kwamba alipokuwa mgonjwa, hawezi kutoka kitandani, aliiona na kuisikia Misa ya Noeli akiwa mbali nayo. Kwake lililokuwa mbali lililetwa karibu. Hicho ndicho kipimo tuwezacho kukitumia: je, televisheni yetu yatuletea karibu walio mbali, au yawapeleka mbali walio karibu?

MASWALI NA MAJIBU

1. Pikseli ni nini? — Ni nukta ndogo za mwanga zinazofuma picha.
2. HD kamili ina nukta ngapi? — Ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo.
3. Televisheni ya HD yaweza kuisafisha picha ya zamani iwe HD ya kweli? — Haiwezi, huonyesha ilicholetewa.
4. Mawingu ya radi yakija, tufanye nini? — Tuchomoe waya wa umeme na wa antena mapema.
5. Televisheni ina akili? — Haina. Ina kompyuta; akili ni ya mtu.
6. Saa moja ya HD kwa intaneti yaweza kula kiasi gani? — Hadi GB 3.
7. Tuzilindeje siri za nyumba? — Tuzime kibali cha kukusanya habari, au tusiiunganishe na intaneti.
8. Ni nani aweke saa ya kuzima? — Wenye nyumba wenyewe, kabla ya kuwasha.

KAZI YA JUMA HILI

Walio na televisheni wasome kibandiko cha nyuma, waandike wati zake, wahesabu wati-saa za jioni moja. Wasio nayo wahesabu hivyo kwa taa na simu zao. Kisha kila baba na mama wakae pamoja na kujibu swali moja: fedha ya mavuno yajayo, baada ya shule, dawa na mbegu, itabaki kiasi gani? Kiasi hicho ndicho kiamue ukubwa wa kioo. Leteni hesabu zenu kwenye somo la juma lijalo.